Simu si ya tundu la maiki

Kwenye shughuli nyingi hapa Ujiji nasikia: "Chomeka simu kwenye tundu la maiki, ndiyo muziki utoke na nguvu." Si kweli. Maiki hutoa umeme mdogo mno, milivolti chache tu, kwa hiyo tundu lake huukuza mara nyingi kabla haujafika kwenye spika. Simu iliyofunguliwa sauti hutoa mamia ya milivolti. Ukiipitisha hapo, muziki unakwaruza, na kupunguza volyumu kuu hakusaidii, maana sauti imeshaharibika kabla ya kufika huko. Inaniuma kuona spika nzima ikiitwa mbovu! Chomeka simu palipoandikwa AUX au LINE, kisha pandisha volyumu polepole kutoka sifuri.