Albamu ya Kwanza ya Roki ya Indi: Hutolewaje, na Hutangazwaje?

Bendi inapotangaza kwamba albamu yake ya kwanza inatoka Ijumaa, msikilizaji huiona siku moja tu. Kwa bendi, Ijumaa hiyo huja baada ya kazi ya miezi mingi, na ikifika, sehemu kubwa ya yatakayotokea imekwisha kuamuliwa. Ili kuielewa dhana hii inabidi kuuliza maswali mawili: nani anaimiliki rekodi, na miezi ile ya kabla ilitumiwaje?

Tuanze na umiliki. Albamu ya indi ni ile inayotolewa nje ya kampuni kubwa za muziki, ambazo leo zimebaki tatu: Universal, Sony na Warner. Bendi huitoa yenyewe au kwa kushirikiana na lebo ndogo, yaani kampuni ndogo ya kutoa rekodi. Katika mkataba wa kawaida wa kampuni kubwa, msanii hupewa fedha za kuanzia, rekodi zinakuwa mali ya kampuni, naye huanza kupata asilimia yake ya mauzo pale tu fedha zile zinapokuwa zimerudi. Lebo ndogo za Uingereza za mwishoni mwa miaka ya 1970, kama Rough Trade na Factory, zilileta utaratibu mwingine: gharama zikisharudi, faida inagawanywa nusu kwa nusu. Lebo nyingi ndogo hufuata utaratibu huo hadi sasa, na kwa maoni yangu hapo ndipo kilipo kiini cha indi, kuliko katika mlio wa magitaa.

Waliothibitisha kwamba jambo hili linawezekana ni Buzzcocks wa Manchester. Walikopa pauni 500 hivi kutoka kwa jamaa na marafiki, wakarekodi nyimbo nne, na Januari 1977 wakazitoa chini ya lebo yao wenyewe, New Hormones. Haikuwa albamu kamili, na nakala za kwanza zilikuwa 1,000. Zikaisha, wakachapisha nyingine, na vijana waliokuwa wakidhani rekodi hutengenezwa na makampuni pekee wakaona njia.

Baadaye jina la indi likaanza kutumika pia kwa aina ya sauti, na hapo ndipo watu huchanganyikiwa. Albamu ya kwanza ya The Strokes ya mwaka 2001 huhesabiwa kati ya kazi kuu za roki ya indi, ingawa Marekani ilitolewa na RCA, lebo ya kampuni kubwa. Hapa tunazungumzia indi kama njia ya biashara.

Sasa miezi ile ya kabla. Bendi isiyo na fedha za mabango na matangazo ya redio ina mtaji mmoja mkubwa, nao ni muda. Albamu ikishakamilika studio, hukaa miezi kadhaa kabla ya kutoka, na bendi changa huona huko ni kucheleweshwa bure. Sivyo. Kiwanda cha santuri kina foleni. Mwaka 2021 foleni hizo zilirefuka sana, kwa sababu watu walikuwa wamerudi kununua santuri kwa wingi na kiwanda cha Apollo Masters huko California, kilichotengeneza diski za kuchongea santuri, kilikuwa kimeteketea kwa moto Februari 2020. Wahakiki nao wanahitaji kuisikiliza mapema ili waandike kwa wakati. Watayarishaji wa vipindi vya redio ni vivyo hivyo. Spotify hutaka wimbo upendekezwe kwa wahariri wake angalau siku 7 kabla ya kutoka, ili uingie kwenye orodha ya nyimbo mpya za wanaoifuata bendi. Atakayengoja hadi siku ya mwisho hawapi wahariri nafasi ya kutosha ya kuusikiliza.

Katika kipindi hicho ndipo singo, yaani nyimbo zinazotolewa peke yake kabla ya albamu, hutoka moja baada ya nyingine. Albamu ya kwanza haina wasikilizaji wanaoisubiri, na tatizo hilo haliwapati wasanii waliokwisha kujulikana. Kila singo huwapa waandishi na watangazaji sababu mpya ya kuitaja bendi: ya kwanza huitambulisha, ya pili huonyesha kwamba ile ya kwanza haikuwa bahati tu, na ya mwisho hutoka karibu na siku yenyewe, watu wakiwa tayari kununua. Wet Leg walitoa singo yao ya kwanza Juni 2021; albamu yao, kupitia lebo ya Domino, ikatoka Aprili 2022 na kushika namba moja Uingereza. Miezi kumi ile ilitumika vyema. Mimi ningeshauri singo ya kwanza iwe wimbo unaofanana na bendi hiyo peke yake, hata kama kuna mwingine mlaini zaidi wa kupigwa redioni. Na singo zisizidi nne, kwa maana msikilizaji anastahili kukuta kitu kipya siku ya albamu.

Kisa cha Arctic Monkeys husimuliwa mara nyingi kama muujiza wa intaneti. Ukweli una mpangilio mwingine. Walikuwa wakipiga muziki kwenye kumbi ndogo za Sheffield na kugawa CD za majaribio bure. Mashabiki ndio waliozipandisha mtandaoni na kusambaziana. Watu wakafika kwenye maonyesho wakiimba maneno ya nyimbo ambazo hazijauzwa popote. Albamu yao ilipotoka Januari 2006 chini ya Domino, iliuza zaidi ya nakala 360,000 nchini Uingereza katika wiki ya kwanza. Jukwaa lilitangulia, mtandao ukafuata.

Zamani mtu mmoja aliweza kuifungulia bendi mlango. John Peel, aliyetangaza BBC Radio 1 tangu 1967 hadi alipofariki 2004, alipiga rekodi za bendi ambazo hakuna kituo kingine kilichozigusa. Mwaka huohuo wa 2004 tovuti ya uhakiki wa muziki ya Pitchfork iliipa albamu ya kwanza ya Arcade Fire alama 9.7 kati ya 10, na lebo ndogo ya Merge ikajikuta na kazi iliyotafutwa kila mahali. Leo nguvu hiyo imesambaa kwenye orodha za nyimbo, video fupi, vituo vya vyuo na wahakiki wengi wadogo. Barua kumi zilizoandikwa kwa watu wanaoupenda muziki wa namna hiyo zina faida kuliko mia zilizotumwa kwa yeyote.

Kwa nini Ijumaa? Tangu tarehe 10 Julai 2015 soko la muziki duniani lilikubaliana kutumia siku moja. Kabla ya hapo Uingereza ilitoa Jumatatu na Marekani Jumanne, na nchi iliyotangulia ilikuwa chanzo cha nakala za wizi kwa nyingine. Ubaya wake ni msongamano. Ndiyo maana lebo ndogo hupenda Januari, wasanii wakubwa wakiwa wamepumzika baada ya Krismasi. Vampire Weekend nao walitoa albamu yao ya kwanza Januari 2008.

Fedha zenyewe huja polepole. Malipo ya kusikilizwa mtandaoni ni madogo mno kwa bendi mpya, kwa hiyo santuri na fulana zinazouzwa mezani baada ya onyesho ndizo zinazolipia safari inayofuata. Bandcamp, tovuti ambako wasanii huuza muziki na bidhaa zao wenyewe, hukata asilimia 15 ya mauzo ya nyimbo na 10 ya bidhaa, na tangu Machi 2020 imekuwa na Ijumaa maalumu ambapo huacha fungu lake lote kwa msanii.

Albamu ikishatoka, ziara huanza, na hapo swali la umiliki hurudi. Badala ya kuuza rekodi moja kwa moja, bendi inaweza kuikodisha lebo kwa leseni ya miaka iliyotajwa kwenye mkataba. Miaka hiyo ikiisha, rekodi hurudi mikononi mwa bendi, nayo inaweza kuichapisha upya, kuipeleka kwa lebo nyingine, au kuiruhusu itumike kwenye filamu na kupokea malipo yote ya rekodi yenyewe.