Picha za Kihindi za zamani: wote wamo, ila steringi ni nani?

Watu wakijua nafundisha historia ya sinema ya India, swali ni lilelile, eti zile picha za zamani zilikuwa na ubaguzi? Jibu langu refu kidogo, maana mle ndani wamejaa watu wa kila namna, Muislamu yumo, Mkristo wa Goa yumo, Kalasinga yumo, kipofu yumo, ukihesabu sura tu utawapa maksi zote. Mi huwa naangalia kila mmoja anadaiwa nini ili akubalike.

Anza na Achhut Kannya ya 1936. Binti wa mlinzi wa geti la reli, tabaka la wasioguswa, la chini kabisa, anapendana na kijana wa Kibrahmin, tabaka la juu, ndoa haiwezekani, na mwisho binti anagongwa na treni akijaribu kuamulia ugomvi. Aliyeigiza binti huyo ni Devika Rani, wa ukoo wa Tagore, watu wa juu kabisa, yaani hata kuigiza unyonge kulikuwa na wenyewe.

Sasa njoo kwenye Sujata ya Bimal Roy, 1959. Nutan anaigiza Sujata, yatima wa tabaka hilohilo, kalelewa na familia ya Kibrahmin, anafanya kazi zote za nyumbani, ila mama mlezi roho haijamkubali hata kidogo, na kijana aliyetafutwa kwa ajili ya binti wa kuzaa akimpenda Sujata ndo balaa linaanza. Halafu mama anaanguka ngazi, anahitaji damu, inapimwa ya huyu na yule, inayofanana ni ya Sujata peke yake. Hapo ndo anakuwa mwanangu. Picha nzuri sana, na Roy alikuwa na nia safi, lakini jamani, damu isingefanana je?

Damu hiyohiyo inarudi kwenye Amar Akbar Anthony ya 1977, ila Manmohan Desai yeye kaifanya sherehe. Ndugu watatu waliopotezana utotoni, mmoja kalelewa na polisi Mhindu, mmoja na fundi cherehani Muislamu, mmoja na padri, wamelala vitandani bila kujua ni ndugu, mipira mitatu inapanda juu kwenye chupa moja halafu inashuka kwa mama yao kipofu. Sayansi tuiache tu, damu haipandi hivyo. Watu wanaipenda kwa umoja wake na wana haki, ila kumbuka wazazi wa wote watatu ni Wahindu, kwa hiyo Akbar na Anthony wanakumbatiwa wakiwa tayari ni wa nyumbani.

Na nyuma ya kamera mambo yalikuwa yamechanganyika kuliko kwenye skrini. Mama mwenyewe wa Mother India (1957), Nargis, alikuwa Muislamu. Nyota Dilip Kumar jina lake halisi ni Yusuf Khan, Meena Kumari ni Mahjabeen, yale ya Kihindu ni majina ya sinema tu. Wazee wa Unguja, Dar na Mombasa waliojazana kwenye majumba ya sinema kuwaangalia wanayajua haya kuliko wanafunzi wangu.

Msichana wa Kikristo ndo kaonewa zaidi, jina la kizungu, glasi mkononi, kazi kucheza kilabuni. Helen, mzaliwa wa Burma, alicheza hizo nafasi miaka nenda rudi, na mara nyingi anakufa kabla picha haijaisha ili steringi abaki na mchumba wake wa heshima. Bobby ya 1973 ililegeza kidogo, binti wa mvuvi wa Goa akawa ndo steringi wa kike, ingawa baba yake bado chupa haimtoki mkononi.

Ninayoipenda kuliko zote ni Koshish ya Gulzar, 1972, mume na mke viziwi wasiosema, Sanjeev Kumar na Jaya Bhaduri. Hawamuokoi mtu yeyote ili wakubalike. Wana mtoto anayesikia vizuri tu, anakua, anatafutiwa mchumba ambaye naye ni kiziwi, anakataa, na baba anamjia juu kwa ishara za mikono, mtoto hana pa kukimbilia.