Jino linauma, kumbe ni shavu

"Daktari, mimi nina sainasi." Wagonjwa wengi wa pua huanza hivyo, na huwa natamani kujibu: hata mimi ninazo. Sainasi si ugonjwa. Ni vyumba vya hewa ndani ya mifupa ya fuvu, na kusema "nina sainasi" ni sawa na kusema "nina tumbo".

Fuvu lina mifupa 22: minane inazunguka ubongo, 14 inajenga uso. Yote imeshonana isipokuwa taya la chini, linalocheza tunapotafuna. Sainasi zimo kwenye paji la uso, katikati ya macho, nyuma kabisa ya pua, na mashavuni. Hizi za mashavuni ndizo kubwa kuliko zote. Kila moja kwa mtu mzima hubeba kama mililita 15, yaani vijiko vitatu vya chai.

Ajabu yake ni kwamba kitundu cha kutolea makamasi kipo juu, karibu na dari, wala si sakafuni. Ukiwa umesimama, makamasi hayashuki yenyewe. Hupandishwa na vinyweleo vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Mafua yakivimbisha kitundu hicho, makamasi yanatuama. Ndiyo maana ukiinama kufagia au kusujudu, shavu linakuwa zito.

Chini ya sakafu hiyo kuna mizizi ya magego ya juu, imetenganishwa na mfupa mwembamba. Kwa hiyo shavu likijaa, meno kadhaa huuma pamoja, na wapo waliokwisha kung'olewa jino zima lisilo na kosa. Kinyume chake pia hutokea: gego bovu likapeleka usaha juu. Tundu moja tu la pua likitoa uchafu wenye harufu mbaya, mwone daktari wa meno pia. Mwaka 1651 daktari Mwingereza, Nathaniel Highmore, aliandika habari za mwanamke aliyeng'olewa jino, akatumbukiza unyoya kwenye pengo, akapata hofu alipoona unazama tu, kumbe umeingia kwenye sainasi ya shavu. Siku hizi dalili ya tundu kama hilo ni nyepesi zaidi: baada ya kung'oa gego la juu, ukisukutua maji yakatokea puani, rudi kliniki, na usipenge kamasi kwa nguvu.

Mafua mengi husababishwa na virusi na hupungua ndani ya siku 10 bila antibayotiki. Yakipita hapo, au yakipoa kisha yakarudi kwa kishindo, njoo tukupime. Kichwa kinachouma mara kwa mara upande mmoja, pamoja na kichefuchefu na kuchukia mwanga, mara nyingi ni kipandauso.

Kwa watoto nina jambo moja. Ukuta kati ya jicho na sainasi za jirani yake ni mwembamba kama karatasi. Mtoto mwenye mafua akivimba kope na kupata homa, mpeleke hospitali usiku huohuo.