Pesa, Majengo na Mipango ya Maktaba za Umma Kenya: Dhana Potofu na Ukweli

Katiba ya 2010 ilizikabidhi serikali za kaunti kazi ya maktaba. Zimo kwenye Jedwali la Nne, sehemu ya pili, katika kifungu kimoja na makumbusho, sinema na viwanja vya michezo. Kabla ya hapo mzigo mkubwa ulibebwa na Bodi ya Huduma za Maktaba ya Taifa, KNLS, iliyoundwa kwa sheria ya 1965. Ugatuzi umeleta watu wengi wapya kwenye meza ya maamuzi: wanakamati wa maktaba, wawakilishi wadi, maafisa wa idara za elimu na utamaduni, pamoja na wasomaji wenyewe wanapohudhuria vikao vya kutoa maoni. Wengi huja na nia njema, lakini pia huja na dhana ambazo mwishowe hufunga milango ya maktaba.

Dhana: Bodi ya maktaba ya kaunti ndiyo inayoshika pesa

Haishiki. Katika kaunti, anayeidhinisha malipo na kujibu maswali ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ni Afisa Mkuu wa idara. Bodi au kamati ya maktaba, pale ilipoundwa, huweka sera, hupanga kipi kitangulie, hupitisha mpango wa mkutubi mkuu kabla haujapelekwa idarani, kisha hufuatilia kila robo mwaka kama kilichoahidiwa kimetekelezwa.

Ufuatiliaji huo ndio hulegea. Kikao kizima kinaweza kuishia kwenye mjadala wa vitabu gani vinunuliwe, kazi ambayo ni ya mkutubi, na ajenda ya fedha ikapewa dakika kumi za mwisho. Ripoti ya robo mwaka inayofaa ina safu nne: kilichoidhinishwa, kilichotolewa na hazina, kilichotumika, na madeni ambayo hayajalipwa. Anzeni na safu ya nne. Maktaba inaweza kuonekana ina salio zuri kumbe muuza magazeti hajalipwa tangu robo iliyopita na bili ya stima imelimbikizwa. Bili hizo zikivuka mwaka zitakula mgao mpya kabla haujanunua kitabu hata kimoja.

Dhana: Bajeti hujadiliwa Juni

Kufika Juni, mambo yamekwisha kuamuliwa. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeweka tarehe ambazo bodi inapaswa kuzijua kwa moyo. Hazina ya kaunti hutoa waraka wa bajeti, unaozieleza idara jinsi ya kuandaa bajeti zao, ifikapo Agosti 30. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Waraka wa mkakati wa fedha, unaoweka kikomo cha matumizi cha kila idara, huwasilishwa kufikia Februari 28. Makadirio yenyewe hufika bungeni kufikia Aprili 30, na bunge la kaunti huyapitisha kabla ya Juni 30.

Basi kuna milango miwili ya kweli, Agosti na Februari. Vikomo vikishawekwa, shilingi yoyote mtakayoongezewa ni lazima itolewe kwa mwenzenu wa idara hiyohiyo, labda michezo au utamaduni, na hapo mtakuwa mnagombana badala ya kupanga. Mkutubi mkuu ahesabu mahitaji Julai, bodi iyapitishe katika wiki mbili za kwanza za Agosti, na karatasi ifike idarani kabla ya waraka wa bajeti.

Karatasi hiyo iandikwe kwa namna isiyokatika kirahisi. Mstari unaosema "ukarabati wa paa, Sh400,000" hupunguzwa nusu bila yeyote kuulizwa. Andikeni hivi: mabati 60 ya upande wa kusini, misumari yenye mpira, mita 24 za gata, siku za fundi, bei ya kila kimoja, na sentensi moja ya nini kitatokea kazi isipofanywa, kwa mfano kwamba rafu za marejeleo ziko chini kabisa ya sehemu inayovuja. Anayetaka kukata hapo atalazimika kutaja anakata nini.

Jambo la pili ni mahali maktaba inapoonekana ndani ya bajeti. Ikifunikwa chini ya "utamaduni na huduma za jamii," hakuna mwakilishi wadi atakayegundua mgao wake umepungua. Dai lenu liwe kwamba maktaba iwe programu ndogo yenye mstari wake ndani ya bajeti ya idara. Halafu msilale baada ya Juni. Makadirio ya ziada yanayopitishwa katikati ya mwaka ndiyo huinyang'anya maktaba fedha kimyakimya, kwa hoja kwamba "hazijatumika." Na ni kweli, mara nyingi hazijatumika, kwa sababu zabuni ilichelewa. Mpango wa ununuzi ukiwa tayari Julai, hoja hiyo haina pa kusimama. Mgao usiotumika kufikia Juni 30 hukoma.

Dhana: Kazi ngumu ni kujenga

Hii ndiyo dhana ghali kuliko zote. Sheria inazitaka kaunti zitenge angalau asilimia 30 ya bajeti kwa maendeleo, na jengo jipya lina utepe wa kukatwa, kwa hiyo pesa za kujenga huwa hazikosi mtetezi. Mishahara, stima, maji, intaneti na vitabu ni matumizi ya kawaida, na kila mwaka hupigania nafasi upya. Jengo likikamilika na fedha za kuliendesha zikakosekana, Afisa Mkuu hawezi kujichukulia tu pesa za maendeleo akalipia umeme; sheria inamzuia kuhamisha fedha za mtaji kwenda matumizi mengine.

Chukua hesabu ya wafanyakazi peke yake. Maktaba inayofunguliwa saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, siku sita, ina saa 60 kwa wiki. Ikiwa ukumbi unahitaji watu wawili wakati wote, hizo ni saa 120 za kazi. Mtu mmoja hufanya saa 40, kwa hiyo wengi husema watatu watatosha. Lakini likizo, sikukuu na siku za ugonjwa humtoa kila mmoja kazini takriban wiki 8 kwa mwaka. Zidisha 120 kwa wiki 52, gawa kwa 40 mara 44, utapata zaidi ya watu watatu na nusu. Ni wanne, na hapo hujamhesabu mlinzi wala mfanya usafi. Maktaba yenye watatu itaanza kufungwa Jumamosi, siku ambayo wanafunzi na wafanyakazi wana nafasi ya kuja.

Kwa hiyo kabla ya kupitisha mradi wowote wa ujenzi, bodi idai ukurasa mmoja wa gharama za kuendesha za miaka mitano ya kwanza, na barua ya idara inayokubali kuzibeba. Hilo lihusu pia majengo yanayokarabatiwa na wahisani. Jijini Nairobi, shirika la Book Bunk, lililoanzishwa 2017, limeonyesha jinsi ushirikiano na kaunti unavyoweza kuyafufua majengo ya kale kama maktaba ya McMillan ya 1931 na matawi ya Kaloleni na Makadara. Ila popote panapofanyika kazi ya aina hii, mkataba uandike waziwazi nani atalipa stima, nani atamlipa mkutubi, na nani ataitwa bomba likipasuka miaka mitatu baada ya sherehe.

Dhana: Ukumbi wowote unaweza kugeuzwa maktaba

Vitabu ni vizito kuliko watu. Vipimo vinavyotumiwa sana na wahandisi huhesabu takriban kilo 245 kwa kila mita mraba ya sakafu ya ofisi, kilo 290 kwa chumba cha kusomea, na kilo zipatazo 730 mahali panaposimama rafu za vitabu. Maana yake, ofisi ya ghorofani inaweza kubeba meza na wasomaji lakini isibebe rafu zilizopangwa mistari. Mkipewa jengo la ofisi, rafu ziende chini, wasomaji wapande juu, na mhandisi wa majengo atie sahihi kabla hamjahamisha hata kasha moja.

Kinachofuata ni unyevu. Kuvu huanza kustawi hewa ikizidi unyevu wa asilimia 65 kwa muda, na Mombasa, Kilifi au Lamu kiwango hicho hupitwa mara kwa mara. Rafu ziachane na ukuta wa nje kwa sentimita 10 ili hewa ipite, na ubao wa chini uwe juu ya sakafu kwa sentimita 10 hadi 15, mafuriko madogo na mchwa visifike haraka. Madirisha yatazamane. Gata zisafishwe Februari kabla ya masika, na tena Septemba kabla ya vuli. Maji hayaanzi kuingia kwa kishindo: huanza kama duara la rangi ya chai kwenye dari, karibu na ukuta. Mfanya usafi ndiye huliona kwanza, kwa hiyo apewe daftari la kasoro lenye tarehe, mahali na sahihi, na daftari hilo lisomwe katika kila kikao cha bodi.

Dhana: Tuweke akiba ya kubadilishia kompyuta

Wazo ni zuri, na kwingineko hufanya kazi. Lakini idara ya kaunti haiwezi kuweka pesa kando mwaka hadi mwaka. Tumeona kwamba mgao hukoma Juni 30. Njia inayowezekana ni kubadilisha kwa zamu. Tuseme kuna kompyuta 10 za Sh60,000 kila moja, na zinadumu miaka mitano. Badala ya kuomba Sh600,000 baada ya miaka mitano, mwaka ambao huenda kuna ukame au uchaguzi, ombeni Sh120,000 kila mwaka mbadilishe mbili. Mstari mdogo unaorudi kila mwaka huzoeleka na haushtui mtu. Fanyeni vivyo hivyo kwa viti, betri za sola na rangi ya kuta.

Dhana: Ada za wasomaji zitaiendesha maktaba

Kwanza ni kidogo mno. Pili, mapato ya kaunti huingia kwenye Mfuko wa Mapato wa Kaunti kwa mujibu wa Kifungu cha 207 cha Katiba, hayabaki kwenye droo ya mapokezi. Hospitali za umma zilipata sheria yao ya kubaki na mapato mwaka 2023. Maktaba hazimo katika sheria hiyo. Kupandisha ada kunamfukuza mtoto asiye na nauli ya kurudi kesho, na shilingi zilizokusanywa haziji kununua kitabu.

Dhana: Vitabu vya msaada ni bure

Kila kitabu kinachoingia hugharimu usafiri, kuainishwa, kuorodheshwa, lebo, na nafasi ya rafu. Mita moja ya rafu hubeba vitabu kama 30. Kasha la vitabu vya sheria za nchi nyingine litakaa hapo miaka kumi bila kuazimwa. Andikeni sera ya kupokea misaada: masomo yanayohitajika, umri wa kitabu, hali yake, na haki ya bodi kukataa. Mashirika makini, kama Book Aid International, hushirikiana na maktaba kuhusu kinachohitajika.

Upande wa pili wa jambo hili ni kuondoa vitabu. Watu hudhani ni uharibifu, kumbe kitabu cha tiba au cha kodi kilichopitwa na wakati kinaweza kumdhuru msomaji. Ila msivitupe jalalani. Hivyo ni mali ya umma, na Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uondoaji wa Mali ya 2015 inataka vipitie kamati ya uondoaji mali, ambayo inaweza kuvihamishia taasisi nyingine ya umma au kuviuza kwa zabuni au mnada. Mkutubi aandae orodha yenye namba za usajili mara moja kwa mwaka.

Dhana: Zama za dijitali zimemaliza haja ya jengo na vitabu

Kitabu pepe mara nyingi hakinunuliwi, hukodishwa. Mwaka 2011 kampuni ya uchapishaji ya HarperCollins ilianza kuziwekea maktaba kikomo cha kuazimisha nakala mara 26, kisha leseni inanunuliwa upya. Ongeza intaneti, stima na vifaa. Nyumba nyingi hazina meza tulivu wala taa ya uhakika, na hilo simu haiwezi kulitatua. Kule Garissa, KNLS ilianza kutumia ngamia mwaka 1996 kuwafikishia wafugaji vitabu, na hata huduma isiyo na jengo ilihitaji pesa ya kudumu ya malisho na ya watunzaji.

Dhana: Mpango wa miaka ijayo ni maono ya kuandikwa ukutani

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inakataza fedha za umma kugawiwa nje ya mfumo wa mipango. Mfumo huo huanzia kwenye mpango wa maendeleo wa miaka mitano, ule ambao kila mtu huuita CIDP. Wa sasa ni wa 2023 hadi 2027, na unaofuata utaanza 2028. Tawi jipya lisilotajwa humo litaulizwa maswali kila mwaka. Bodi inayotaka kitu hicho ianze kukusanya takwimu sasa.

Takwimu zenyewe zisiwe idadi ya walioingia mlangoni tu. Oktoba na Novemba ukumbi hujaa watahiniwa wa KCSE wanaosoma madaftari yao wenyewe, na hesabu ya mlangoni haisemi lolote kuhusu vitabu. Kwa wiki moja katika kila muhula, hesabuni viti vilivyokaliwa saa nne asubuhi, saa nane mchana na saa kumi na moja jioni. Andikeni vitabu vilivyoazimwa kwa somo, na maswali ambayo mkutubi alishindwa kuyajibu kwa kukosa kitabu. Linganisheni na idadi ya wakazi: mwongozo wa IFLA, shirikisho la kimataifa la vyama na taasisi za maktaba, hupendekeza vitabu 1.5 hadi 2.5 kwa kila mkazi, na visipungue 2,500 hata kwenye kituo kidogo kabisa. Pengo litakuwa kubwa, na ni sawa liwe kubwa kwenye karatasi, kwa kuwa mpango unaligawa kwa miaka.

Kisha pelekeni haya kwenye vikao vya kutoa maoni, kwa maandishi. Maoni ya mdomo hupotea kwenye kumbukumbu za kikao. Waraka wa ukurasa mmoja na nusu unatosha: jina la programu ndogo, kiasi kinachoombwa, jedwali la takwimu za viti na vitabu, na sahihi za wasomaji zenye majina ya wadi zao. Mpeleke nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa nanyi mrudi nayo.