Uweza Ule Waefeso Waliousikia

Nafundisha Waraka wa Paulo kwa Waefeso katika chuo cha Biblia, na kila tukifika sura ya 1, mstari wa 19, darasa huchangamka. "Ubora wa ukuu wa uweza wake ndani yetu tuaminio." Usome mstari huo kanisani Jumapili uone kama hutaitikiwa "Amina" mpaka nje. Shida ni kwamba wengi wetu tunausoma kama tangazo: nguvu zipo, njoo uchukue fungu lako, ukafungue milango ya biashara na kuwanyamazisha wabaya wako. Waliosomewa waraka huu mara ya kwanza waliusikia vingine, kwa sababu ya mji waliokuwa wakiishi.

Efeso ulikuwa mji wa bandari, na magofu yake yapo hadi leo karibu na Selçuk, magharibi mwa Uturuki. Hekalu lake la Artemi lilihesabiwa kati ya maajabu saba ya dunia ya kale. Sifa yake nyingine ilikuwa uganga. Kulikuwa na maneno sita yaliyojulikana kila mahali kama "herufi za Efeso". Hata Wagiriki wenyewe hawakuyaelewa. Kazi yake ilikuwa kutamkwa au kuvaliwa. Wazee wa kale walisimulia kisa cha mwanamieleka wa Efeso aliyekuwa haangushiki huko Olimpia, mpaka ilipogundulika kwamba ameyafunga kwenye kifundo cha mguu. Yalipovuliwa, alipigwa mweleka mmoja baada ya mwingine. Hirizi hiyo, tena ya kimataifa.

Mganga wa zama zile alifanya kazi kwa majina. Aliyejua kutaja majina mengi ya miungu, mapepo na malaika ndiye aliyeogopwa. Mafunjo ya uganga, yaani karatasi za kale zilizopatikana Misri, yamejaa majina mstari kwa mstari, na moja maarufu, la karne ya 4, linamfukuza pepo kwa kumtaja "Yesu, Mungu wa Waebrania". Aliyeliandika hakuwa Mkristo. Alisikia jina hilo lina nguvu, akaliongeza kwenye orodha yake. Ndivyo walivyofanya wale wana saba wa Skewa, Wayahudi waliotaka kumtoa pepo, katika Matendo 19: yule mwenye pepo aliwarukia, wakatoka mbio ndani ya ile nyumba wakiwa uchi na majeraha.

Sasa endelea mpaka Waefeso 1:21. Paulo anasema Kristo ameketishwa juu sana kuliko kila mamlaka, na nguvu, na usultani, "na kila jina litajwalo". (Baadhi ya nakala za kale kabisa hazina neno "Efeso" katika mstari wa kwanza wa waraka, na huenda ulizungushwa katika makanisa kadhaa ya Asia. Hilo halibadilishi kitu hapa, maana majirani wao walinunua dawa soko lile lile.) Msikilizaji wa Efeso hakuhitaji mhubiri wa kumfafanulia mstari huo. Ulikuwa unazungumzia vitu alivyovificha ndani ya sanduku nyumbani.

Nasema alivyovificha kwa sababu Luka, mwandishi wa Matendo, ametuachia jambo ambalo mara nyingi tunalipita. Waliokuja kuungama matendo yao katika Matendo 19:18 walikuwa watu waliokwisha kuamini. Paulo alikuwa amefundisha kila siku katika darasa la mtu aitwaye Tirano kwa miaka miwili, na bado kulikuwa na waumini wenye vitabu vya uganga ndani, akiba kwa siku mbaya. Vilipochomwa, thamani yake ilihesabiwa kuwa vipande 50,000 vya fedha. Ikiwa kipande kimoja kilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, hiyo ni kazi ya zaidi ya miaka 130. Hawakuviuza ili fedha iende kwa maskini, jambo ambalo kamati zetu nyingi za fedha zingelipendekeza.

Kwa hiyo tazama Paulo anavyowaombea watu hawa. Katika sura hii haombi wapewe uweza. Anaomba macho ya mioyo yao yatiwe nuru ili waujue uweza ambao tayari unatenda kazi ndani yao. Na anapotafuta kipimo chake, haendi Bahari ya Shamu, ingawa Myahudi yeyote akitaka kutaja nguvu za Mungu angeanzia huko. Anakwenda kaburini: ni uweza ule ule uliomfufua Kristo. Maiti hachangii chochote katika kufufuka kwake. Hana neno la siri la kutamka, hana sadaka ya kutanguliza. Sura ya 2 inasema nasi tulikuwa wafu, tukahuishwa na kuketishwa pamoja naye.

Mama mmoja aliniuliza kwenye semina, "Mwalimu, nimeokoka siku nyingi, mbona bado namwogopa jirani yangu? Watu wanasema ana mambo yake." Nikamwambia: Mama, waliomwogopa jirani ndio walioandikiwa barua hii. Hofu yako haisemi kwamba Mungu amekupunguzia uweza. Inasema bado hujaona umeketishwa wapi. Akaniuliza kama basi aache kutumia yale mafuta aliyouziwa. Nikamwuliza anayapaka kwa sababu gani, akacheka, hakujibu.

Najua kuna wanaotetea mafuta na vitambaa kwa kutaja leso za Paulo zilizopelekewa wagonjwa wakapona katika Matendo 19:12. Luka mwenyewe anaiita miujiza hiyo ya kupita kawaida, na wala hasemi mtu alitoza hata senti. Ukitaka kuona uweza huo unavyotenda kazi, mtazame Trofimo, mwenyeji wa Efeso asiye Myahudi. Kwa sababu yake Paulo alikamatwa Yerusalemu: Wayahudi walidhani amemwingiza hekaluni, kuvuka ukuta mdogo wenye maandishi ya kumtishia kifo asiye Myahudi atakayeupita. Jiwe moja la maandishi hayo lilipatikana mwaka 1871, na sasa limehifadhiwa Istanbul. Nikisoma Waefeso 2:14, kwamba Kristo amekibomoa kiambaza cha kati kilichotutenga, huwaza kwamba mwandishi alikuwa kwenye minyororo kwa ajili ya ukuta ule. Yeye Myahudi na Trofimo Mmataifa sasa walikuwa wamoja, na hilo Paulo alilihesabu kuwa kazi ya uweza uliofufua wafu. Vivyo hivyo yule mwizi wa sura ya 4, anayeacha kuiba, akafanya kazi kwa mikono yake, na mwisho akawa na cha kumgawia mhitaji. Sijawahi kusikia ushuhuda wa namna hiyo ukishangiliwa kama ule wa gari jipya.

Huyo huyo Trofimo tunakutana naye tena katika 2 Timotheo 4:20, na Paulo anaandika kwamba alimwacha Mileto akiwa hawezi. Mileto haiko mbali na Efeso, mji ambao leso za Paulo ziliponya watu. Paulo hatoi maelezo, wala hasemi imani ya Trofimo ilipungua. Nawaomba wachungaji ninaowafundisha wausome mstari huo kabla ya kwenda kumwombea mgonjwa, na wasimwambie neno lolote ambalo Paulo hakumwambia Trofimo.