Usaha wa pua moja si mafua

"Daktari, punda ana mafua, nimchome OTC mililita ngapi?" OTC ni oksitetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria. Ujumbe huu hunifikia kutoka Ismani, Rujewa, Chimala, na kwa wachache wenye farasi huku Iringa. Kila mara nauliza: usaha unatoka tundu moja au yote mawili? Wengi hawajaangalia. Anayejibu "la kushoto tu, na unanuka" ameshanipa zaidi ya nusu ya jibu, na baridi ya Juni haihusiki hata kidogo.

Ukuta wa kati wa pua hutenganisha njia mbili mpaka karibu na koromeo. Ugonjwa ulio mbele ya mwisho wa ukuta huo hutolea uchafu upande wake. Ulio nyuma yake, wa koromeo, koo la hewa au mapafu, hutokea pande zote mbili. Virusi vya mafua havichagui tundu la kushoto. Usaha wa upande mmoja wenye harufu ya kuoza kwa kawaida umetoka kwenye sinasi, yaani mashimo ya hewa ndani ya mifupa ya uso, na mara nyingi ulianzia kwenye jino.

Hapa ndipo uvumilivu wangu huisha. Farasi na punda wana magego sita kila upande wa taya la juu. Mizizi ya matatu au manne ya nyuma imeingia kwenye sinasi za shavu, ikifunikwa na mfupa mwembamba tu. Gego la nne ndilo linaloongoza kwa kuoza mzizi. Bakteria wakipenya hapo, usaha hujaa sinasi, na mlango wa kuutoa ni mwembamba tena uko juu, si sakafuni. Usaha unatuama. Sasa mchome OTC: dawa inasafiri na damu, lakini ndani ya dimbwi la usaha hakuna mshipa wa damu. Uchafu unapungua, mwenye mnyama anafurahi, dawa inaisha mwilini, usaha unarudi. Inafuata sindano ya pili, kisha ya tatu, kutoka duka lile lile la dawa za mifugo, na muda wote huo jino bovu limo. Mnyama huyu anahitaji kung'olewa jino na kuoshwa sinasi kwa maji ya chumvi, mara nyingi kupitia tundu linalotobolewa kwenye mfupa. Ni kazi ghali, nakubali. Lakini jumlisha bei ya sindano zote zile.

Magego ya mbele hayafiki kwenye sinasi. Yakioza huleta uvimbe mgumu usoni, pengine kidonda kinachotoa usaha shavuni, huku pua ikiwa kavu. Kwa hiyo pua safi haimaanishi meno mazima. Na si kila sinasi yenye usaha ina jino bovu: ipo inayojaa baada ya maambukizi ya kawaida, na hiyo ikiwahiwa inaweza kupona kwa dawa. Upo pia uvimbe wa ndani. Harufu ndiyo inayonielekeza kwenye jino.

Kisha kuna mifuko ya koo, mifuko miwili ya hewa iliyo kando ya koromeo, ambayo ng'ombe na mbuzi hawana. Kwa farasi mkubwa kila mmoja hubeba kati ya mililita 300 na 500. Mlango wake uko nyuma ya ukuta wa pua, kwa hiyo kwa kanuni niliyoieleza usaha wake ungetoka pande zote mbili. Lakini mfuko mmoja ukiugua, sehemu kubwa hutokea upande wake. Hapo kanuni yangu inayumba. Vitabu husema gonga mfupa wa shavu usikilize mlio. Mlio wa kawaida hautoshi kunihakikishia kwamba sinasi ni nzima. Usaha kuongezeka mnyama anapoinamisha kichwa hutokea kwa ugonjwa wa sinasi na wa mfuko wa koo pia. Bila kamera ya kuingiza puani, nakisia.

Damu ikitoka puani farasi akiwa amesimama tu, usingoje. Fangasi wanaweza kuwa wanakula ukuta wa ateri inayopita kwenye mfuko wa koo. Damu ya kwanza ikiwa kidogo, inayofuata inaweza kuua.

Na msimnyweshe dawa kwa puani! Kaakaa laini la farasi hukaa chini ya kidakatonge na kuzunguka zoloto, mlango wa njia ya hewa, kama tundu la kitufe lililobana kitufe chake, ndiyo maana hapumui kwa mdomo. Pua ndiyo njia yake pekee ya hewa, na kinachomwagwa humo kinaweza kuishia mapafuni.

Povu jingi pande zote mbili, homa, na uvimbe juu ya macho baada ya mvua ni habari nyingine: tauni ya farasi, inayoenezwa na visubi. Piga simu siku hiyo hiyo.

Usaha pande zote mbili, homa, na mitoki iliyovimba chini ya taya, nafikiria bakteria aitwaye Streptococcus equi. Penisilini mapema? Nasitasita. Jipu likishaanza kukomaa, nakanda kwa maji moto na kuliacha lipasuke. Mnyama anayeshindwa kupumua au kula, namchoma bila kusubiri. Mtenge, ndoo yake isiguswe na mwingine, na pua ikikauka usimrudishe zizini haraka. Bakteria hawa hujificha kwenye mifuko ya koo kwa miezi, hata miaka, huku mnyama akionekana mzima kabisa na akiambukiza wenzake.