Umeshtakiwa kwa kusumbua mtu kwa simu? Usimpigie kumwomba radhi

Msimu wa kusi, boti zikiwa zimekaa, ndipo madeni huanza kukumbukwa. Mwaka huo alikuja ofisini kwangu hapa Malindi, pwani ya Kenya, kijana wa baharini, kaishika kabambe yake, ile simu ndogo ya vitufe, kama mtu aliyeshika nge. Polisi walimtaka afike kituoni aandikishe taarifa. Alikuwa amemuuzia mfanyabiashara mmoja pweza, anamdai shilingi 18,000, na baada ya miezi miwili ya kuambiwa "kesho" akaanza kupiga simu. (Nimebadilisha mambo mawili matatu asijulikane.)

"Mama wakili, mimi nadai changu tu."

"Mwanangu, deni ni lako. Saa nane za usiku si zako."

Nikaiomba ile simu. Usiku mmoja, simu 23. Namba yake ilipozuiwa akahamia kwenye ule ujumbe wa bure wa "tafadhali nipigie", akautuma mpaka mgao wa siku ukaisha. Kisha akaazima laini ya binamu yake akaandika: "Duka lako na moto vitajuana." Na asubuhi, alipokwisha kuitwa na polisi, akampigia yule mlalamikaji mara sita kumwomba msamaha. Hizo sita zilinitia hofu kuliko zile 23.

Nitaeleza kwa nini, lakini kwanza niondoe uvumi mmoja. Kila mwezi sikosi mtu wa kuniambia kuwa sheria ya kusumbua kwa simu ilifutwa. Ni kweli nusu. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano, kilichokuwa na adhabu ya faini isiyozidi shilingi 50,000 au kifungo kisichozidi miezi 3, kilitangazwa na Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu, Aprili 2016, kuwa kinakiuka Katiba. Maneno ya kifungu hicho yalikuwa mapana mno, mtu hajui mstari uko wapi. Basi watu wakakomea hapo. Mwaka 2018 ikaja Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni, na kifungu chake cha 27 kinamfikia hata mwenye simu ya mulika mwizi isiyojua intaneti ni nini. Adhabu yake ya juu ni faini ya shilingi milioni 20, au miaka 10, au vyote viwili. Hicho ni kikomo, si bei ya kila kosa. Hakimu hupima uzito wa kosa na historia ya mtu. Kifungu chenyewe kilifanyiwa marekebisho Oktoba 2025, na siku chache baadaye Mahakama Kuu ikasimamisha sehemu ya marekebisho hayo, kwa hiyo mwulize wakili wako asome hati yako ya mashtaka neno kwa neno kabla hujajibu lolote.

Kiini chake ni hiki: umewasiliana na mtu kwa makusudi, iwe wewe mwenyewe au kwa kuzunguka, na unajua, au ulipaswa kujua, kwamba mawasiliano hayo yatamtia hofu ya kudhuriwa yeye au mali yake. Hilo "ulipaswa kujua" ndilo linalowanasa wengi. Kijana wangu aliapa kuwa maneno ya moto yalikuwa mzaha wa pwani. Huenda. Lakini mahakama haitauliza yeye alicheka au la. Itauliza kama mwenye duka, usiku ule, alikuwa na haki ya kuogopa. Ukimtajia mtu kifo, utajikuta na kosa jingine kabisa, kifungu cha 223 cha Kanuni ya Adhabu, ambacho nacho kina miaka 10.

Sasa siku ya kujibu mashtaka. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nimeona watu wakijifunga wenyewe. Hati husomwa, karani anatafsiri, na mshtakiwa, kwa adabu zake zote, anajibu: "Ni kweli nilimpigia, lakini ananidai—yaani mimi namdai." Neno "ni kweli" likiandikwa peke yake, limekwisha kuwa kukiri. Tangu uamuzi wa Adan dhidi ya Jamhuri mwaka 1973, hakimu anatakiwa kuhakikisha umeelewa kila kipengele cha kosa kwa lugha yako, asomewe mshtakiwa maelezo ya tukio, na apewe nafasi ya kuyapinga. Ukitoa "lakini" inayobomoa kosa, iandikwe umekana. Mkalimani ni haki yako bila malipo, na kama Kiswahili chako ni cha Kibajuni na karani anakukodolea macho, sema. Na kukana mashtaka si kusema uongo. Ni kuitaka serikali ithibitishe.

Ithibitishe kwa kitu gani? Rekodi za kampuni ya simu huonyesha namba gani ilipiga namba gani, saa ngapi, kwa muda gani. Hazisemi kilichozungumzwa. Kwa simu zisizo na rekodi ya sauti, linabaki neno la mlalamikaji dhidi ya lako. Ujumbe ni habari nyingine, ila picha ya skrini iliyochapishwa dukani haitoshi hivi hivi. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinadai cheti cha kueleza nakala ilitolewaje na kwa kifaa gani. Nimeona kielelezo kikikataliwa kwa kukosa karatasi hiyo moja. Nayo laini ya kukopa? Usajili unaonyesha jina la binamu, na binamu ataitwa kuwa shahidi. Usifute chochote kwenye simu yako, kwa sababu kwenye simu ya mwenzio bado kipo, na huenda yale uliyofuta ndiyo yangekusaidia. Kijana wangu alikuwa na ujumbe wa mdaiwa ukisema "nipigie saa yoyote nitakulipa". Aliufuta kwa hasira. Tuliupata kwenye simu ya dada yake, aliyekuwa ametumiwa.

Turudi kwenye zile simu sita. Mtu akisharipoti, si jirani yako tena kwa mambo haya. Ni shahidi wa Jamhuri. Ukimpigia, hata kwa machozi, kiongozi wa mashtaka atasema unaingilia shahidi, na dhamana yako, ambayo Katiba inakupa kwa masharti ya kadiri, inaweza kufutwa. Tena mahakama inaweza kukuamuru usiwasiliane naye wala usimtumie mtu mwingine. Kwetu tumezoea kutuma mjomba au wazee wa baraza, na jambo hilo ni zuri, lakini amri ikishatoka, mjomba ni wewe. Kuivunja amri hiyo ni kosa jingine: faini hadi milioni 1 au miezi 6.

Suluhu haikatazwi. Kifungu cha 159 cha Katiba kinaitambua. Ila ipitie kwa mawakili na mpelelezi, kisha mlalamikaji mwenyewe aombe kuondoa malalamiko chini ya kifungu cha 204 cha sheria ya mwenendo wa mashtaka ya jinai, na hakimu aridhike na sababu. Kusameheana msikitini hakufungi faili.

Wa kwetu ilichukua miezi saba. Simu aliikabidhi kwa mama yake siku ile ile, nikamwandikia wakili wa upande wa pili, wazee wakakaa, malalamiko yakaondolewa mbele ya hakimu. Lile deni tulilidai kwa barua ya madai, kama tungefanya tangu mwanzo kwa bei ya karatasi. Lililipwa kwa mafungu matatu, yote kwa namba ya mama yake. Kijana alisema ile namba ya mdaiwa hataki hata kuiona ikiwaka kwenye kioo.